Sinia la Saba

Ibra, 2 Oktoba

Naanza kuandika kwa sababu siwezi kutoka. Yaqoob, mume wangu, alifariki tarehe ishirini na nne Septemba, moyo ulisimama akiwa ndani ya gari mbele ya duka la matairi, anasubiri zamu yake. Jioni ile ile alipozikwa mwezi mpya uliandama. Nakumbuka kwa sababu mama yake, Bi Mahfudha, alisimama uwani akautazama muda mrefu kama mtu aliyeletewa barua, na wanawake waliokuja kutupa mkono wa pole wakamwachia nafasi.

Sasa niko eda nyumbani kwake. Miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, sijifukizi, sipaki wanja. Kuhusu wanja sijali. Kuhusu kutoka najali sana. Nimekwisha hesabu kwenye kalenda ya simu: natoka tarehe tatu Februari.

Naandika Kiswahili. Kiingereza changu ni cha shule na kazi, Kiarabu changu cha sokoni, na haya ni mambo ya nyumbani.

3 Oktoba

Nieleze kilichonikaa rohoni, maana hakuna mwingine wa kumweleza.

Nimezaliwa Cardiff. Baba alikimbia Unguja mwaka sitini na nne, akapata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu nje ya mji. Siku za likizo nilimfuata. Alichukua fimbo ya mzee mmoja aliyekufa, akaikata kwa kimo changu, akazungushia mpira wa baiskeli pa kushikia. Nikiwa na miaka kumi na sita nikawa bingwa wa wasichana wa Wales. Nilipofika ishirini na mbili nikavaa fulana nyekundu ya timu ya wanawake, nikaivaa miaka mitano mfululizo. Mchezaji wa ridhaa mimi, tangu mwanzo mpaka leo. Riziki yangu ilitoka kwenye duka la dawa. Mwaka wa sita wakaniacha, wala hawakusema kwa nini. Miaka ikapita, nikaolewa na Yaqoob, nikaja Ibra, ambako nyasi ni chakula cha mbuzi.

Yaqoob hakupenda kuniona nimekaa. Yeye na rafiki yake Hood, mtu wa Sur mwenye duka la spea hapa mjini, wakanitengenezea uwanja wa mashimo tisa jangwani, kwenye changarawe tupu. Penye bendera, pahala ambapo kwengine pana nyasi za kijani, walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, wakausawazisha duara, laini. Yaqoob akayaita masinia. Desturi yetu ni moja tu: anayeondoka kwenye sinia hulifuta kwa kibao kirefu, anayekuja nyuma asikute nyayo za mtu.

Mwezi wa nane nimetimiza miaka hamsini. Maana yake naweza kuchaguliwa timu ya Wales ya wanawake wakubwa. Kapteni wake ni Eleri, niliyecheza naye tangu tuna chunusi. Timu inakuja Maskati kufanya mazoezi ya baridi, na watacheza mashindano kwenye uwanja wa nyasi kule ufukweni. Nafasi moja haijajazwa. Eleri ndiye atakayechagua wa kucheza siku hiyo, na ameniambia wazi kwamba anataka awe mimi. Fulana moja tu nyekundu, kabla goti halijakataa.

Mashindano ni tarehe mbili Februari. Mimi natoka tarehe tatu.

9 Oktoba

Wageni wengi. Kila mmoja kaja na haluwa na subira.

14 Oktoba

Wifi yangu Abeer kaja kutoka Nizwa, anakofundisha chuoni, na boksi la komamanga za mlimani, Jabal Akhdar. Tulikaa watatu chini tukamenya. Akanitazama, akamtazama mama yake, akanitazama tena.

"Wifi," akasema, "mimi nauliza tu. Wewe hujalia?"

"Nani kasema?"

"Watu. Yaani wanauliza. Siku ya aza, ya kupokea pole, wameona wewe unagawa kahawa."

"Kahawa ilikuwa inapoa."

Akacheka kidogo halafu akajuta. Nikamwambia nikilia nitampigia simu. Bi Mahfudha alikuwa akitoa punje za komamanga moja moja na kunisogezea bakuli langu. Nilikasirika, sijui kwa nini, nikala zote.

Ni kweli sijalia. Nalala, naamka, nafikiria mkono wangu wa kushoto ukizunguka na fimbo. Nafikiria nyasi zenye umande. Mtu amekufa na mimi nafikiria nyasi.

23 Oktoba

Bi Mahfudha kapanda sutuhi, juu ya paa bapa la nyumba, saa za magharibi, na lile goti lake linalomuuma. Nikamfuata kumshika mkono. Namuuliza anatafuta nini, anasema, "Mwezi." Basi.

Alipouona akasoma dua yake, akanigeukia: "Ushakula?"

1 Novemba

Joto limepungua. Nimevumbua kazi. Zulia la sebule ya ndani lina mteremko mdogo kuelekea dirishani, hakuna aliyewahi kuujua isipokuwa mpira wangu. Nimelaza kopo la samli ukutani, napiga kutoka mlangoni. Asubuhi nzima. Bi Mahfudha alipita mara mbili kwenda jikoni. Mara ya tatu akaliinua kopo, akaangalia ndani, akalirudisha.

Siwezi kumsoma mama huyu. Miaka kumi na sita tumekaa mji mmoja, na kila nilipokuwa naondoka na mfuko wangu wa fimbo alikuwa akisema maneno yale yale: "Unaupiga, kisha unaufuata. Si bora usiupige?" Yaqoob alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Sasa Yaqoob hayupo, na sisi wawili tumebaki na utani usio na mwenyewe.

Nahisi ananilindia mlango, nisitoke.

8 Novemba

Leo nimefanya kioja, na chastahili kuandikwa kwa urefu.

Zulia lilinichosha. Nikatoka uwani, nikatandika mkeka wa plastiki, nikatundika blanketi kwenye kamba ya nguo, nikaanza kupiga mipira ya kweli kwenye blanketi. Raha. Mabega yalifunguka kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Mipira thelathini hivi, yote ikaanguka chini kama embe. Uliofuata uliinuka juu ya kamba, ukagonga tangi la maji kwenye sutuhi. Tangi la plastiki, la zamani, limekaangwa na jua. Likapasuka. Maji yakashuka ukutani, yakaingia dirisha la jikoni, na jikoni alikuwamo Abeer, kaja wikiendi, anakaanga sambusa.

Akatoka na kijiko, kalowa kichwa.

"Wifi, hii kitu haifai, wallah haifai! Wanaume wanapita njiani wanasikia tak, tak, tak. Watasema nini? Mjane anacheza! Kaka yangu hata miezi miwili bado!"

"Niko ndani ya nyumba. Nani kasema nisitikise mikono?"

"Si mikono. Ni moyo. Wewe moyo wako haiko hapa. Iko huko huko na wazungu wako."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kaka yake ndiye aliyeninunulia mipira ile, na kama angekuwa hai angekuwa uwani ananiokotea, si jikoni ananichungulia. Abeer akalia. Yeye analia vizuri, machozi yanatoka bila kelele, na mimi nikasimama pale na fimbo yangu, mkavu kama ukuta.

Bi Mahfudha akatoka polepole, kashika kanga yake isiburure majini. Nikajitayarisha.

"Wacha nongwa, Abeer," akasema. "Mpira wake, ua wake. Tangi litanunuliwa jingine." Halafu kwangu: "Na weye blanketi litundike juu zaidi."

Nilidhani kasema vile kuzima ugomvi tu, majirani wasisikie. Ndivyo nilivyodhani.

9 Novemba

Abeer karudi Nizwa bila kuniaga. Kaacha sambusa.

15 Novemba

Hood alikuja mlangoni. Yeye si maharimu wangu, hivyo hakuingia, alisema kutoka nje ya geti kwa Kiswahili chake cha Sur: "Ya ukhti, dada yangu, nimeleta mchanga. Ufanye sinia lako huko ndani. Mimi naenda." Na akaenda kweli, kabla sijamshukuru.

Magunia matatu ya mchanga wa mafuta kutoka uwanjani kwetu. Nimeumwaga kwenye pembe ya ua, nikausawazisha kwa ubao wa kukatia nyama, nikafukia kikombe katikati kiwe shimo. Ua mzima unanuka gereji.

Nilimwambia Bi Mahfudha kama harufu inamuudhi nitautoa. Alikaa kizingitini, akavuta pumzi.

"Nguo zake zilikuwa zikinuka hivi, Ijumaa," akasema. "Miye nilikuwa nikimgombeza. Uache."

Nikapiga mpira ukatumbukia kikombeni kutoka mbali.

22 Novemba

Mwezi tena, sutuhi tena, goti tena. Nimemshika mkono. Mkono wake mwepesi kuliko nilivyodhani.

3 Desemba

Hakuna. Mpira, kikombe, mpira.

4 Desemba

Hakuna.

12 Desemba

Mvua kubwa. Wadi, mto mkavu wa hapa, ilishuka tangu alfajiri, tunaisikia hapa ndani kama lori lisilopita. Bi Mahfudha alifunga madirisha yote kisha akafungua moja, anapenda kutazama. Umeme ulikatika, tukakaa na taa ya betri, akanisimulia mvua za Malindi, Unguja, alipokuwa msichana, jinsi walivyotega mabeseni chini ya makopi ya paa. Ni hadithi zile zile alizokuwa akizisimulia mama yangu Cardiff, mabeseni yale yale. Nilisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza.

Jioni Hood akapiga simu kwangu. Uwanja umenusurika, isipokuwa sinia la saba. Wadi imelichukua lote, na bendera yake.

Ilibidi liwe la saba. Lile ndilo Yaqoob alilolipenda, juu ya kilima kidogo, unapiga ukiwa chini na huoni vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akinibebea fimbo, na kazi ya mbebaji ni kukwambia umbali. Yaqoob hakuwahi kunipa umbali wa kweli hata siku moja. Nikisema "Ngapi?", naye akiona mita mia na arobaini, atasema mia na thelathini. Siku zote anapunguza kumi. Alidai nikidhani ni karibu sitokaza mabega. Mimi nikajifunza kuongeza kumi, yeye akajua kwamba naongeza, na tukaendelea hivyo miaka yote, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hood anasema atalijenga upya. Nikamwambia asijisumbue. Akasema, "Si kwa ajili yako tu, ukhti."

21 Desemba

Mawingu. Bi Mahfudha kakaa sutuhi mpaka kiza kikaingia, mwezi hauonekani. Namwambia tushuke, baridi, habari ya mwezi itatangazwa kwenye televisheni. Hataki. Mwishowe akachukua simu yangu akampigia Hood, aliyekuwa kwao Sur: "Kwenu huko kweupe? Umeonekana?" Umeonekana. Ndipo akashuka. Chini waliendelea kuzungumza muda mrefu, mlango umefungwa, na niliposogea akanyamaza.

Nilikwenda kulala nimekasirika. Nyumba hii kila mtu ananijua, mimi tu simjui mtu.

5 Januari

Eleri kapiga simu. Sauti yake ile ile, ya mtu anayetembea kwenye upepo. Anataka jibu kabla ya tarehe thelathini, aandikishe majina.

Nilimweleza habari ya eda mara ya tatu. Akauliza, akiniita jina letu la ujana, na mimi simlaumu, "Siku moja tu, Tam?"

Nikamwambia nitafikiri.

11 Januari

Siku moja tu. Nimeigeuza kila upande. Yaqoob mwenyewe angeniambia nenda, angekuwa keshakaa garini. Dini ina huruma, watu hutoka eda kwa haja, kwa daktari, kwa riziki. Je, fulana ni haja? Nacheka peke yangu. Haja gani ya mwanamke wa miaka hamsini kuvaa fulana yenye joka la Wales?

Lakini waliniacha bila kusema kwa nini. Miaka ishirini na tatu naitafuna.

Naweza kumuuliza Bi Mahfudha. Siwezi. Nikimuuliza atajua kwamba tangu mwanzo nahesabu siku za mwanawe kama mfungwa. Na tena nimelelewa Ulaya; tangu nije hapa nimejifunza kunyamaza penye mambo ya dini, nitazame wenzangu wanafanya nini na mimi nifanye, wasije wakasema huyu hajui kitu. Sijawahi kuuliza swali ndani ya nyumba hii. Hata namna ya kukaa eda niliisoma kwenye simu.

16 Januari

Baridi kavu. Hood nje ya geti: "Sinia la saba limekwisha, bado kukauka. Na gari nitalitia mafuta tarehe mosi, tutoke alfajiri ya pili kwenda Maskati."

Nilipofika getini keshaondoka. Anaona si vizuri kusimama mlangoni kwa mjane. Kwa hiyo Hood anadhani nitavunja eda. Kaniona ni mtu wa kuvunja. Ubaya ni kwamba sijui kama kakosea.

20 Januari

Sutuhi. Safari hii mwezi ulikuwa wazi, mwembamba, juu ya minara ya zamani ya ulinzi kule mlimani. Bi Mahfudha alisoma dua ndefu kuliko siku zote. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Ukishatoka eda, utakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Kwenu Wales?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa. "Chumba cha mwanangu kina jua asubuhi," akasema. "Cha mbele kile. Hakuna anayekikaa."

Tulishuka ngazi moja moja. Miezi yote hii nimemwona kama bawabu. Leo nimeona ni mtu anayeogopa kubaki peke yake na tangi jipya la maji.

28 Januari

Sikulala vizuri na sasa nimekata shauri, naandika ili nisiligeuze.

Sitakwenda. Si kwa sababu ya watu. Si kwa sababu ya Abeer, ingawa juzi kapiga simu na hatimaye tumesameheana, yeye akilia, mimi nikimsikiliza. Ni hivi: asubuhi nilimwona Bi Mahfudha yuko kwenye kisinia changu uwani, ameshika kibao, anafuta nyayo zangu kwenye mchanga. Hajui sheria za gofu, hajui hata mpira unahesabiwaje. Lakini alikuwa kamsikia mwanawe akisimulia desturi yetu, basi naye anafuta, mstari kwa mstari, akirudi nyuma nyuma. Nikajiambia: mwanamke huyu siwezi kumtoroka alfajiri kwa gari la Hood. Siku moja si kitu kwangu, lakini siku ile moja yeye ndiyo ataikumbuka.

Nina hasira. Niseme wazi, nina hasira na Yaqoob. Angalisubiri siku mbili tatu tu, au angalitangulia siku mbili tatu. Haya ni mawazo ya mtu mbaya na ndiyo niliyonayo.

29 Januari

Nimemwandikia Eleri: mpe nafasi mwingine. Alijibu kwa maneno mazuri.

30 Januari

Upepo. Sikugusa fimbo.

31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Baada ya sala ya alfajiri Bi Mahfudha aligonga mlango wangu. Nyuma yake Abeer, kafika usiku kutoka Nizwa. Walibeba beseni, sabuni mpya, kanga mpya bado ina gundi, kichupa cha mafuta ya mawaridi na chetezo kinachofuka udi. Nikakaa kitandani nikiwatazama.

"Inuka uoge, mwanangu," akasema Bi Mahfudha. "Eda imekwisha."

"Bado, mama. Ni tarehe tatu."

"Tatu ya nini?"

"Februari."

Akaweka beseni chini. "Weye umehesabu kwa miezi gani?"

Nilikuwa nimeshamjibu kabla sijaelewa. Kwa kalenda. Kwa kalenda ya simu yangu, Septemba, Oktoba, Novemba, miezi ya kulipia umeme. Na yeye alikuwa akipanda sutuhi. Kila mwezi, na goti lile, akinihesabia eda yangu mbinguni, na mimi nimemshika mkono nikidhani anatazama uzuri wa mwezi.

"Miezi ya eda ni ya kuandama," akasema taratibu, kama anayemwambia mtoto. "Minne imekwisha, na siku kumi zake zimekwisha jana. Ulikuwa hujui?"

"Sikuuliza."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

"Mbona na wewe hukuniambia?"

Hapo akakaa kando yangu. "Mtu mzima, uko kwenye eda ya mumeo, nikwambie inakwisha lini? Ungedhani nakufukuza."

"Na mimi ningeuliza, ungedhani nataka kukimbia."

Abeer alikuwa akitutazama na chetezo mkononi, udi unamwingia machoni. "Wallahi nyinyi wawili," akasema, hakumaliza.

Halafu Bi Mahfudha akatoa mfukoni glavu yangu. Glavu ya gofu ya mkono wa kushoto, nyeupe, kaifua, kaipaka mafuta ya nazi isikauke. Hood alimwambia habari ya mashindano tangu Desemba, siku ile ya mawingu, na mlango umefungwa. Alihesabu akaona natoka kabla, akashukuru Mungu, akamwagiza Hood atayarishe gari. Alitaka iwe furaha ya kunishtukiza.

Ilibidi nimwambie kwamba nimekwisha kataa. Nilisema haraka, nikiangalia beseni. Sijapata kuona uso wa mzee ukianguka namna ile.

1 Februari

Nimeoga, nimejifukiza, nimempigia Eleri. Nafasi kampa mwanamke kutoka Swansea, jana, na jina limeandikwa. "Njoo hata hivyo," akasema, "ukae akiba. Asipotokea mmoja utaingia."

Nilitaka kukataa. Bi Mahfudha, aliyekuwa kasimama karibu sana na simu, akasema, "Tunakwenda."

2 Februari

Tulitoka Ibra kungali giza: Hood usukani, Bi Mahfudha mbele na chupa ya chai, mimi nyuma na fimbo zangu magotini kama mtoto wa shule. Nilipofika nilibadilisha viatu, nikajinyoosha, nikapiga mipira ya kupasha moto. Nyasi. Nilikuwa nimesahau kwamba nyasi husamehe. Kila mpira ulikwenda nilikotaka uende, na wanawake wawili wa timu waliacha mazoezi yao wakasimama kunitazama. Nilikuwa tayari kuliko nilivyowahi kuwa tayari.

Nikasimama pale wanapoanzia. Wakaitwa wa kundi la kwanza, wapo. Wa pili, wapo. Bi Mahfudha alikuwa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, ameinama anazishika nyasi kwa vidole. "Maji yote haya," akamwambia Hood. Kila jina lilipoitwa akaniangalia, na kila mwenye jina alipoitikia akaangalia chini. Yule wa Swansea alikuwa na mafua. Nikatumaini azidiwe, nikajichukia. Alipiga chafya, akapenga kamasi, akapiga mpira mzuri wa moja kwa moja.

Wa mwisho wakaitwa. Wapo. Hakuna aliyekosekana.

Eleri alinikumbatia muda mrefu, pua yake baridi shavuni kwangu. Hakusema mwakani, na mimi nilishukuru kwamba hakusema. Kila mwaka kuna wanawake wapya wanaotimiza hamsini.

Njiani kurudi tukaiacha Maskati nyuma. Bi Mahfudha akasema, "Kosa langu."

"Langu, mama."

"Basi letu," akasema, akanimiminia chai, gari linakwenda, ikanimwagikia yote kwenye suruali.

3 Februari

Leo ndiyo siku niliyokuwa nikiihesabu.

Nilipanga nisitoke. Bi Mahfudha akanitia garini. Alitaka kuona masinia, anasema miaka kumi na sita anayasikia tu. Tukamkuta Hood anamwagia changarawe maji kidogo vumbi litulie. Uwanja haukubadilika: kijivu, mawe, jua, bendera tisa zilizochanika. Nilicheza shimo la kwanza, la pili, bila kuhesabu mapigo. Bi Mahfudha alikuwa akinifuata kwa gari la Hood, mwenyewe Hood usukani, dirisha wazi, na kwenye kila sinia alishuka akafuta nyayo zangu kwa kibao, hataki kusaidiwa.

Tukafika la saba. Hood kalijenga vizuri, pale pale juu ya kilima, bendera mpya. Nikasimama chini yake, nikaweka mpira, nikatazama juu. Upepo ulikuwa unatoka kushoto. Nikanyoosha mkono nyuma kupokea fimbo na nikasema, kama nilivyosema mara elfu pale pale nilipokuwa nimesimama:

"Ngapi?"

Nikasubiri. Nilikuwa nimekwisha jitayarisha kuongeza kumi.

Mkono wangu ukabaki nyuma, wazi. Sijui nilikaa hivyo kiasi gani. Kisha nikakaa kwenye mawe, na machozi yakatoka, yote, ya aza na ya kahawa iliyokuwa inapoa na ya duka la matairi, kwa sauti niliyokuwa siijui kuwa ni yangu. Nilimlilia Yaqoob. Niliyalilia masafa yake ya uongo. Miezi yote nilikuwa nagombana na mlango, na yeye alikuwa hapa.

Bi Mahfudha alishuka garini. Alichukua muda kufika, kwa lile goti. Hakusema subira. Alikaa chini kando yangu, juu ya mawe, na mtu wa umri wake kukaa kule chini si jambo dogo, akaushika mkono wangu ule uliobaki wazi, na yeye akalia pia, kimya kimya kama Abeer.

Jua liliposogea Hood alikuja kwa mbali, akauliza kama auokote mpira. Nikamwambia auache hapo ulipo. Kesho nitakuja kuupiga.